Mkataba unasema "na kazi zote zinazohusiana": matundu 64 ya zege analipa nani?

FundiBomba aliandika:

Wakuu, habari za kazi. Nina hati ya malipo ya mwisho hapa mezani, na kuna mstari mmoja ndani yake unaoninyima usingizi. Umeandikwa: "Kutoboa na kuziba matundu ya zege: imo ndani ya bei ya mkupuo." Kwenye safu ya kiasi kinacholipwa wameweka sifuri.

Mimi ni mkandarasi mdogo wa mabomba, nina mafundi tisa. Jengo ni la ghorofa nane. Mkandarasi mkuu alinipa maji safi na maji taka kwa bei ya mkupuo, yaani bei moja kwa kazi yote, na mkataba wetu ulikuwa na kurasa nne. Tatu na nusu kati ya hizo zinahusu adhabu ya kuchelewa, bima, usalama na haki yake ya kuniondoa saiti. Kazi yenyewe imeelezwa kwa sentensi moja: "Kuleta na kufunga mfumo kamili wa maji safi na maji taka kama unavyoonekana kwenye michoro, pamoja na kazi zote zinazohusiana." Nilisaini siku ileile. Nilikuwa nimekaa miezi mitatu bila kazi, sikutaka kuonekana mtu wa maswali mengi kabla hata sijaingia getini.

Michoro niliyopigia bei ilionyesha slivu, yaani vipande vya bomba pana vinavyopangwa pamoja na nondo kabla zege halijamwagwa, ili njia ya bomba ibaki wazi. Nilipofika na vijana wangu, zege la ghorofa ya tatu kwenda juu lilikuwa limeshamwagwa na kukauka bila slivu hata moja. Nikamwita fomeni wa mkandarasi mkuu, nikamwonyesha. Akasema, "Wewe toboa tu, karatasi zitafuata." Nikatoboa.

Asiyewahi kutoboa zege lenye nondo anaweza kudhani ni kazi ya dakika. Tulikodi mashine yenye kichwa cha almasi. Tundu la kwanza lilikuwa ghorofa ya nne, choo cha mwisho wa korido. Sakafu ina unene wa milimita 200. Tulipofika katikati mlio wa mashine ukabadilika, ukawa mkali na wa kukwaruza, tukajua tumeikuta nondo. Maji ya kupoozea mashine yakatoka meupe kama chokaa, yakapenya hadi ghorofa ya chini na kulowesha mifuko ya jipsam ya watu wa dari. Mifuko hiyo nayo nimekatwa kwenye hati hiihii. Kipande cha zege kilipotoka kilikuwa duara kama kigogo, na ubavuni kina macho mawili ya chuma yanayong'aa. Mhandisi wa miundo alipoyaona akasimamisha kila kitu siku tatu, mpaka ahakikishe kwamba nondo zilizokatwa haziidhuru sakafu. Siku tatu mafundi tisa wamekaa, na mimi nawalipa.

Tukatoboa 64. Kila tundu tukaliziba kuzunguka bomba kwa nyenzo ya kuzuia moto, maana moto hupanda ghorofa kwa njia hizohizo. Wiki tano. Sasa naambiwa yote hayo "yanahusiana" na mabomba.

Naomba msaada wenu kwa mambo mawili. Neno "zinazohusiana" linaishia wapi? Na mtu ambaye kazi ameshaifanya, oda ya maandishi hana, anaanzia wapi kudai?

MikonoMitatu aliandika:

Pole sana mkuu. Mimi ni wa rangi. Mkataba wangu mmoja uliandika "kupaka kuta zote za ndani hadi mshauri mwelekezi aridhike." Nikapiga hesabu ya mikono mitatu, yaani kupaka mara tatu. Mshauri hakuridhika mpaka mkono wa tano, na sababu haikuwa rangi yangu. Skimu, ile lipu laini ya mwisho, ya fundi aliyenitangulia ilikuwa na mawimbi, na taa za ukutani zikiwashwa kila wimbi linatoa kivuli chake. Rangi haifichi wimbi hata upake mikono kumi. Nililipwa mitatu.

Siku hizi naandika idadi ya mikono. Naandika pia kwamba kabla sijaugusa ukuta, mimi na fomeni tunaupitia kwa taa ya mkononi na anasaini kwamba uko tayari. Ukuta ukikataliwa kwa taa, unarudi kwa fundi wa skimu, siuanzi. Ukishaupaka umeupokea, na kasoro zake zimekuwa zako.

MkadiriajiMajenzi aliandika:

Mimi nakaa upande wa pili wa meza. Ni mkadiriaji majenzi kwa mkandarasi mkuu, miaka 14 sasa, na mistari kama huo uliokunyima usingizi nimeiandika mwenyewe mara nyingi. Naomba mnisikilize kabla hamjanirushia mawe.

Mkandarasi mdogo anakuja na bei ya chini. Tunamuuliza, "Umeweka kila kitu?" Anajibu, "Kila kitu, bosi." Bei yake naiingiza kwenye bei ninayompa mwenye mradi, na kuanzia hapo nimefungwa nayo. Kazi ikifika katikati anarudi na orodha ya nyongeza, na ukiiangalia, nusu ni vitu ambavyo fundi yeyote wa fani yake alipaswa kuviona. Nikimlipa na mwenye mradi akakataa kunilipa, pesa inatoka kwenye faida ya kampuni, na faida ya ujenzi ni nyembamba. Msidhani mkandarasi mkuu hafi. Carillion ilikuwa miongoni mwa kampuni kubwa kabisa za ujenzi Uingereza, ikaanguka Januari 2018, na wakandarasi wadogo na wauzaji wa vifaa kwa maelfu wakabaki wanadai.

Lakini yako naona ni tofauti, na kuna swali moja linalotangulia yote: mkataba wako unataja michoro ipi? Kila mchoro una namba na herufi ya toleo kwenye kona ya chini. Kama toleo ulilopigia bei ndilo lililomo kwenye mkataba, na lina slivu, basi bei yako ilisimama juu ya sakafu yenye njia wazi. Kulikuta zege limeziba ni mabadiliko ya kazi, na yana bei yake. Lakini kama mkataba umeandika "michoro" basi, bila namba wala toleo, mtu wa kiti changu atatoa toleo jipya kabisa lisilo na slivu na kukwambia hilo ndilo ulilosaini.

Kuna na suala la fomeni. Kwenye mikataba yetu fomeni hana mamlaka ya kuagiza kazi ya nyongeza. Mwenye mamlaka ni meneja wa mradi, kwa maandishi. Fomeni anataka zege litoboke leo ili watu wa dari waingie kesho, na hana kosa kutaka hivyo, ila ahadi yake ya karatasi haifiki mezani kwangu. Angalia wako umeandika nini.

FundiBomba aliandika:

Dada, asante kwa kusema wazi. Nimeusoma mkataba tena jana usiku, safari hii polepole.

Umeandika "michoro" basi. Lakini ukurasa wa nne unataja "barua ya bei ya mkandarasi mdogo" kwa tarehe yake kama sehemu ya mkataba, na barua yangu ina orodha ya michoro kwa namba, yote toleo B. Michoro iliyobandikwa ofisi ya saiti ni toleo D. Nimeziweka sambamba. Kwenye B slivu zipo. Kwenye D zimefutwa, na kwenye jedwali la mabadiliko, pale pembeni, wameandika "marekebisho ya jumla".

Sikujua kama barua yangu ingekuja kuninyanyua. Ile orodha niliiweka kwa mazoea tu.

MkadiriajiMajenzi aliandika:

Basi una kitu mkononi. Chukua B na D, zungushia kwa kalamu nyekundu kila mahali slivu ilipokuwa, weka namba 1 hadi 64, halafu tengeneza jedwali: namba ya tundu, ghorofa, chumba, kipenyo, tarehe ya kutoboa, ushahidi. Malalamiko yaache nje kabisa. Barua ya hasira ikinifikia naipeleka kwa mwanasheria wa kampuni, na huko inakaa. Jedwali likinifikia nalipigia hesabu, kwa sababu hesabu ndiyo kazi yangu.

Na utenganishe mambo. Kutoboa ni dai moja. Kuziba ni dai jingine. Siku tatu za kukaa ni la tatu. Ukiyafunga yote kwenye furushi moja, udhaifu wa moja utayaangusha mengine.

UmemeFeziTatu aliandika:

Nimekuwa nikisoma kimya ila hapa lazima niseme. Ugomvi mwingi wa malipo niliouona umezaliwa kwenye kiungo, pale kazi ya mmoja inapoishia na ya mwingine inapoanza. Katikati ya kazi yako hakuna anayebisha kwamba bomba ni la fundi bomba na swichi ni ya fundi umeme. Pembeni ndiko watu wanakokabana.

Mfano wangu ni viyoyozi. Mkataba wangu ulisema nifikishe umeme "hadi kwenye mashine". Mkataba wa mtu wa viyoyozi ulisema afunge mashine "tayari kwa kuunganishwa umeme". Mimi nikaishia kwenye swichi ya kukatia umeme ukutani. Yeye akaishia kwenye kifuniko cha mashine. Kati yetu kulibaki kama mita moja ya waya, na ule mkono wa kuubana kwenye vichwa vyake. Mita moja si kitu. Zilikuwa mashine 38, na kila moja inahitaji waya, bomba lake laini, vibanio, ngazi, fundi, kipimo na cheti. Mkandarasi mkuu alituita wote wawili kikaoni, akamwambia kila mmoja kwamba mwenzake anasema ni yake. Mwisho nikaunganisha mimi, kwa kuwa bila kuunganisha nisingepewa cheti cha kukabidhi kazi yangu mwenyewe.

Viungo vya namna hiyo viko kila fani. Nani analeta jukwaa la kupandia? Nani anatoa umeme na maji ya kupimia mfumo? Nani anapandisha vifaa ghorofani, kreni ni ya nani na kwa saa ngapi? Nani anatoa taka? Nani anafukia mtaro baada ya bomba kulala? Nani anarudishia plasta pale ukuta ulipochanwa? Mkandarasi mkuu ndiye aliyeikata kazi vipandevipande akampa kila mtu chake. Naamini kwa dhati kwamba kuvishona vipande hivyo ni jukumu lake, na ni makosa kuwaachia wadogo wagombanie uzi.

Siku hizi naenda na karatasi moja ya mipaka kabla ya kusaini. Mistari ni vitu, safu ni nne: nani analeta, nani anafunga, nani anaunganisha, nani anapima. Kila kisanduku kina jina la fani moja. Kisanduku kitupu hakisainiwi. Kikao cha kuijaza kinachukua asubuhi nzima na watu wanachoka, ila hakijawahi kuisha bila kupatikana angalau kitu kimoja ambacho hakuna aliyekipigia bei.

ChumaTu aliandika:

Mimi sielewi kwa nini mtu afanye kazi bila oda. Mimi chuma changu hakipandi bila karatasi. Fomeni akisema "anza", namwambia lete. Asipoleta nafunga zana, naondoka. FundiBomba pole, lakini uliwafundisha wenyewe kwamba unaweza kufanya bure.

MzeeWaSaiti aliandika:

Vijana wangu, nimekuwa saiti kabla wengine wenu hamjazaliwa. ChumaTu, usemayo yana ukweli, lakini kufunga zana ni hatari. Ukisimamisha kazi bila haki ya kusimamisha, wewe ndiye uliyevunja mkataba. Ataleta mtu mwingine, atakukata gharama ya huyo mtu, na dai lako zuri litazama humo. Kama mkataba au sheria ya mahali ulipo inakupa haki ya kusimama, itumie, na kwa notisi. Kama haikupi, fanya kazi huku unaandika.

Kuandika kwenyewe ndiko watu hawakujui. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mimi natembea na daftari la nakala mbili, lile la karatasi ya kaboni. Kila siku ya kazi ya nyongeza naandika: tarehe, ghorofa, mafundi wangapi na majina yao, saa ya kuanza na ya kumaliza, mashine gani, vifaa gani, nani ameagiza. Jioni nampelekea fomeni asaini. Mara nyingi atasita, atasema "mimi sikubali kulipa". Mwambie, "Bosi, sikuombi ukubali kulipa. Andika hapo 'kwa kumbukumbu ya saa tu', kisha saini." Hilo hawalikatai. Na saa zikishakubalika, yanabaki mabishano ya nani alipe, ambayo ni mafupi kuliko mabishano ya kama kazi ilifanyika au la.

Na oda ya mdomo ithibitishe jioni ileile. Ujumbe wa simu unatosha kuanzia, kisha barua pepe kwa meneja. Uwe hivi: "Kama tulivyoongea leo saa nne asubuhi ghorofa ya nne, umeniagiza nitoboe sakafu kwa ajili ya mabomba kwa kuwa slivu hazikuwekwa. Kazi hii haimo kwenye bei yangu. Nitaitoza kwa idadi ya matundu. Kama sivyo, nijulishe kabla sijaanza kesho saa mbili." Hakuna matusi, hakuna kuomba. Ukishatuma, lala.

FundiBomba mwanangu, una karatasi gani?

FundiBomba aliandika:

Shikamoo mzee. Nina picha za matundu yote 64 zikiwa na tepu ya kupimia ndani ya fremu, simu imeweka tarehe na saa. Fomeni wa kwanza alisaini karatasi za saa kwa matundu 41. Kisha akahamishiwa mradi mwingine, na aliyekuja baada yake alikataa kusaini chochote, akasema hajui tulichokubaliana na mwenzake. Matundu 23 ya mwisho yana picha tu. Ujumbe wa kuthibitisha oda sikutuma.

KifunguKwaKifungu aliandika:

Naongeza upande wa vifungu. Sheria zinatofautiana nchi hadi nchi, kwa hiyo chukueni haya kama ramani, kisha muone mwanasheria wa mahali mlipo.

Alichosema mzee kuhusu kuthibitisha oda jioni ileile kimo ndani ya masharti yanayotumika kwenye miradi mingi ya kimataifa. Chukua FIDIC, yaani masharti ya mikataba ya shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri: kitabu chekundu cha mwaka 1999, kifungu cha 3.3. Mhandisi akitoa oda ya mdomo, mkandarasi akamwandikia kuithibitisha ndani ya siku mbili za kazi, na mhandisi asiijibu kwa maandishi ndani ya siku mbili za kazi tangu aipokee, basi ule uthibitisho wa mkandarasi wenyewe unakuwa oda ya maandishi. Ukimya wake unasaini kwa niaba yake. Angalieni kama mkataba wenu mdogo una kifungu kama hicho. Kama hauna, ombeni kiwekwe. Ni mistari mitatu.

Kitabu hichohicho, kifungu cha 20.1, kinampa mkandarasi siku 28 kutoa notisi ya dai, kuanzia siku alipolijua tukio au alipopaswa kulijua. Zikipita, haki ya kuongezewa muda au malipo imepotea. Sasa wakandarasi wadogo wengi hawalioni hili: mkandarasi mkuu anazihesabu siku hizo kwa mwenye mradi. Wewe ukimpelekea dai siku ya 40, hata likiwa la haki kiasi gani, yeye kwa juu ameshafungiwa mlango, na atakufungia wako. Ndiyo maana mikataba midogo mingi huweka muda mfupi zaidi, siku 14 au hata 7. Siku zinaanza ulipoliona zege halina slivu. Ukisubiri umalize tundu la 64, zimeshakwisha zamani.

Kuna pia kifungu cha "utalipwa nikilipwa", yaani mkandarasi mkuu hakulipi mpaka mwenye mradi amlipe yeye: Uingereza, sheria ya ujenzi ya mwaka 1996 ilikiondolea nguvu, isipokuwa pale anayelipa kwa juu amefilisika. Sheria hiyohiyo ilimpa asiyelipwa haki ya kusimamisha kazi kwa notisi ya siku 7, na ikaleta mwamuzi wa haraka anayetoa uamuzi ndani ya siku 28 tangu apelekewe mgogoro. Uamuzi unatekelezwa kwanza, anayetaka kuendelea mahakamani anaendelea baadaye. New South Wales ya Australia ilipitisha sheria yake ya kulinda malipo ya ujenzi mwaka 1999, Singapore 2004, Malaysia 2012. Kama nchi yako haina sheria ya namna hiyo, andika utaratibu wa mwamuzi ndani ya mkataba wenyewe.

Mtu asiye na bei iliyokubaliwa anaweza kudai malipo ya stahiki ya kazi, Kilatini quantum meruit. Lakini mahakama hazitoi hilo kirahisi pale mkataba unapoligusa jambo lilelile, na neno "zinazohusiana" litatumika kusema unaligusa. Vivyo hivyo kanuni ya kusoma utata dhidi ya aliyeandika. Ipo, ila hufikiwa mwisho. Usiijengee nyumba.

Ninayoipenda zaidi, kwa kuwa inahusu maji taka, ni kesi ya Spearin, Mahakama Kuu ya Marekani, 1918. Mkandarasi alikuwa anajenga gati kavu, yaani pa kutengenezea meli nje ya maji, la jeshi la majini huko Brooklyn. Michoro ya serikali ilimtaka ahamishe kwanza mfereji wa maji taka uliokatiza eneo la ujenzi, akauhamisha kama ilivyochorwa. Mvua kubwa ikaja, mfereji ukapasuka kwa shinikizo la ndani. Ndani ya mfereji mwingine uliounganika nao kulikuwa na kizuizi ambacho hakikuonyeshwa kwenye mchoro wowote. Serikali ikasema arekebishe kwa gharama yake. Akakataa. Mahakama ikaamua kwamba aliyetoa michoro amedhamini kuwa michoro hiyo inatosha kwa kazi, na kumwambia mkandarasi akague eneo mwenyewe hakuondoi dhamana hiyo. Haitumiki kila nchi, lakini hoja yake ndiyo hoja ya FundiBomba: nilipiga bei kwa mchoro wenu.

MikonoMitatu aliandika:

Hiyo ya siku kuhesabiwa tangu ulipoona tatizo imenishtua. Mimi siku zote nadai mwisho, kazi ikiisha. Narudi kuangalia mikataba yangu miwili inayoendelea leo hii.

FundiBomba aliandika:

Wakuu, nimerudi na majibu. Jana nilikaa na mkadiriaji wao na meneja wa mradi kwa saa tatu na nusu. Nilikwenda na michoro miwili yenye kalamu nyekundu na jedwali la mistari 64, kama dada alivyonielekeza. Sikupandisha sauti, ingawa kuna mahali ilibidi nitoke nje nikanywe maji.

Matundu 41 yenye saini wamekubali, kwa bei ya tundu kulingana na kipenyo. Walipoona toleo B limetajwa kwenye barua, na barua imetajwa kwenye mkataba, meneja alikaa kimya kidogo, akamwuliza mkadiriaji, "Hii tulipeleka juu?" Hawakuwa wamempelekea mwenye mradi dai la kufutwa kwa slivu. Kwa hiyo hiyo pesa inatoka kwao.

Matundu 23 wamekataa. Nikawaonyesha picha. Mkadiriaji akasema picha inaonyesha tundu, haionyeshi nani ametoboa wala nani ameagiza. Nilijua ni mimi, na yeye nadhani alijua ni mimi. Lakini sikuwa na cha kumwekea mezani.

Kuziba kwa nyenzo ya moto nimeshindwa kihalali. Maelezo ya kiufundi, kitabu kinene ambacho nilipewa na sikukifungua, yanasema kila fani itaziba pale inapopenya. Hilo ni kosa langu na nimelikubali palepale, na nafikiri kulikubali haraka kulinisaidia kwa yaliyobaki.

Siku tatu za kukaa hazilipwi, sikutoa notisi. Makato ya mifuko ya jipsam yameondolewa yote, kwa sababu nao hawakuwa wamenijulisha siku ile wala hawakuwa na picha ya mifuko. Kwa hiyo sheria ya karatasi imewauma na wao.

Nimewalipa vijana madeni yao leo asubuhi. Wawili kati yao walikuwa wameanza kutafuta kazi kwingine.

ChumaTu aliandika:

Hongera mkuu, na samahani kwa maneno yangu ya mwanzo. Kazi inayofuata utaandika nini? Tuwekee hapa tuige.

FundiBomba aliandika:

Hakuna kinyongo ndugu yangu. Kazi inayofuata nimeshaitolea bei, ni mkandarasi mkuu mwingine. Barua ni kurasa mbili. Ya kwanza inasema ninachofanya, mfumo kwa mfumo, na michoro kwa namba na toleo. Ya pili ina kichwa "Havimo kwenye bei hii", na nimeandika hivi:

"Kutoboa au kukata zege na kuta za kubeba mzigo, slivu zitawekwa na mkandarasi wa miundo kabla ya kumwaga, nami nitakagua kabla ya kila umwagaji nikipewa taarifa ya saa 24. Kuchimba na kufukia mitaro ya nje. Kurudishia plasta na vigae. Jukwaa la zaidi ya mita 3. Maji na umeme wa kupimia mfumo. Kupandisha vifaa kwa kreni. Muda wa kukaa unaosababishwa na fani nyingine, ambao utatozwa kwa siku na kwa fundi, kwa viwango vilivyomo kwenye jedwali. Maneno 'kazi zinazohusiana' popote yalipo yanamaanisha vibanio, viungio, vipimo vya shinikizo na kuziba kwa nyenzo ya kuzuia moto pale mabomba yangu yanapopita, na si zaidi ya hivyo."

Nilidhani wataitupa. Mkadiriaji wao alinipigia simu tukaipitia mstari kwa mstari. Jukwaa amekataa, amesema kila fani inajiletea lake, kwa hiyo nimeliongeza kwenye bei. Kuchimba mitaro amesema atampa mtu wa barabara za ndani, na ameniomba niongeze kina cha mtaro kwenye mchoro wangu ili yule naye apige bei yake sawasawa. Mengine ameyasaini.

Kesho saa mbili naenda kukagua slivu za sakafu ya kwanza, na msimamizi wao wa miundo amesema atakuwepo. Wanamwaga keshokutwa.